Stika ya Chini ya Ruta

Kila siku nilipotoka shule, nilisikia cherehani ya mama kabla sijafika mlangoni. Kwa mlio wake tu ningeweza kukuambia anashona nini. Pindo la suruali lilikwenda mbio bila kupumua. Marinda ya sketi yalikwenda kidogo, yakasimama, yakaenda tena. Ndani nilimkuta Bibi kwenye kiti chake kifupi akichambua vifungo na kuvitia kwenye chupa, vyeupe huku, vya bluu kule, vya mashimo mawili mbali na vya mashimo manne. Bibi hakutupa kitu. Uzi wa shubiri moja aliuviringisha akauweka.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Kitu kikiwa na nailoni, nitaivua. Kikiwa na stika, nitaibandua. Kucha zangu hazikubakisha karatasi hata moja kwenye chupa, daftari wala ndoo.

Nyumbani waliniita Najua. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Mtu akianza kunieleza jambo, hata hajafika katikati, nishamdakia, "Najua, najua!" Mara chache nilijua kweli. Mara nyingi nilijua nusu, na ile nusu nyingine niliijazia mwenyewe.

Sasa, mama yangu alikuwa fundi hodari, lakini kwa miaka mingi alikuwa akitia viraka na kupunguza suruali za watu. Kazi kubwa haikumfikia. Kisha mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, mbali sana na kwetu, akaona sketi aliyomshonea mwanafunzi mmoja. Akaipenda. Akapiga simu ya video ili aone kazi zake nyingine, maana alitafuta fundi wa kushona sare za shule nzima. Simu ya mama ikamtia aibu. Ndani mwetu mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na picha iliganda mama akiwa amefungua mdomo kama yuko kwa daktari wa meno.

"Fundi, sikukuona wala sikukusikia," mwalimu mkuu alisema baadaye kwa simu ya kawaida. "Nitakupigia tena Jumamosi, saa nne asubuhi. Tukishindwana tena, nitamtafuta mwingine. Wanafunzi wangu hawawezi kungoja."

Ndiyo maana Alhamisi mama aliweka mkasi chini, akanishika mkono, tukaenda kwenye duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili. Dirishani palikuwa na ruta nyeupe ya intaneti yenye antena mbili, na mbele yake imebandikwa karatasi nyekundu iliyoandikwa PUNGUZO.

"Shikamoo mama, karibuni," alisema muuzaji, dada mmoja mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa na wiki tatu tu kazini.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya dirishani mbona imeshuka bei hivyo? Ina ugonjwa gani?"

Dada akacheka. "Haina ugonjwa, mama. Ni ya maonyesho. Imekaa dirishani miezi sita, boksi limepotea na kitabu chake pia. Ndiyo maana ni nusu bei. Ngoja niiwashe uone mwenyewe."

Akaiwasha. Taa tatu za kijani zikawaka moja baada ya nyingine, na kwenye televisheni ya duka, iliyounganishwa nayo kwa waya, video ikaanza kucheza bila kukwama hata mara moja. Mama akamuuliza kama itakubali laini yetu, kama antena zake zitashika mtandao hata pale simu inaposhindwa, na kama kuna dhamana. Dada alijibu yote. Mama akafungua mkoba. Kisha simu yake ikalia, akatoka mlangoni kuzungumza na mteja.

"Njoo, mdogo wangu," dada aliniita huku akiigeuza ruta juu chini. "Hapa chini kuna..."

"Najua!" nikasema.

"Hujaona bado."

"Najua, dada. Hata shuleni tunayo."

Ni kweli shuleni tulikuwa nayo. Ilitundikwa juu karibu na dari, na sikuwahi hata kuigusa. Dada alitaka kuendelea, lakini mwenye duka alimwita ndani. Akanikabidhi ruta, nami nikaondoka nayo kifua mbele.

Tulipofika nyumbani, mama aliniambia niipanguse vumbi wakati yeye anamalizia pindo. Kuipangusa nikaipangusa. Kisha kucha zikaanza kazi. Niliivua nailoni, nikaitoa ile karatasi ya PUNGUZO, nikaigeuza. Chini palikuwa na stika nyeupe iliyojaa namba na mistari, tena imekaa upogo. Iliniudhi. Niliibandua taratibu, ikatoka nzima bila kuchanika, nikaitupa sakafuni nikijisifu moyoni. Bibi alipita na ufagio wake, akafagia vyote.

Mama akaleta kompyuta ndogo aliyotuachia shangazi. Jina la ruta likatokea kwenye kioo, na chini yake kisanduku kikidai nywila.

"Haya, Najua," mama akasema kwa furaha. "Andika."

Nikaweka vidole. Hapo ndipo nilipomkumbuka dada wa dukani. "Hapa chini kuna..." Nikatazama sakafuni, sakafu ni safi. Nikakimbia uani, pipa ni tupu, gari la taka lilikuwa limeshapita. Bibi alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, lakini sikumuuliza. Kumuuliza ni kujitaja.

"Inakataa," nikamwambia mama.

"Inakataa vipi? Dukani ilikubali."

"Labda mbovu. Si ya nusu bei?"

Maneno hayo yalinitoka kirahisi, na mama aliyaamini. Aliketi akashika tama, na jioni ile cherehani haikulia tena. Niliona haya hata kumtazama.

Ijumaa baada ya shule tulirudi dukani, na mama alikuwa amefura. "Mmeniuzia kitu kibovu!" alisema kabla hata ya salamu. "Kesho saa nne nina kazi ya maisha yangu, na ruta yenu inanichezea!"

Mwenye duka, mwanamume mrefu wa miwani, alitoka ndani. Aliipokea ruta, akaigeuza, akapapasa alama ya gundi kwa kidole.

"Stika iko wapi?" akauliza. "Nywila ya kiwandani inaandikwa kwenye stika. Kila ruta ina yake. Bila hiyo haingii mtu." Akamgeukia dada. "Umemuuzia mteja ruta isiyo na stika?"

"Ilikuwepo, bosi. Niliiona kwa macho yangu."

"Basi imekwenda wapi, imeota miguu? Nilikuambia ukague kila kitu kabla hakijatoka. Wiki tatu tu, na mteja analia mbele yangu! Leo ukifunga duka uniachie funguo. Sitaki tena."

Dada alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani polepole. Kisha akanitazama. Alijua, na bado hakunisema. Laiti angenifokea! Nilifikiria njia ya nyumbani, jinsi tungetembea na mama akiwa upande wangu, na hakuna ambaye angejua. Halafu nikaitazama ile kalamu mezani.

Nikapiga moyo konde. "Ni mimi," nikasema. "Stika nimeibandua mimi. Dada alitaka kunionyesha, nikamdakia. Ruta si mbovu. Nilimdanganya mama."

Mama akamgeukia dada, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuja kukuponza bure."

Mwenye duka naye aliona aibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chukua kalamu yako," akamwambia dada. "Nami nilikuwa na haraka ya kuhukumu." Kwetu akasema, "Naweza kuomba nywila kwa wakala mkuu, lakini atajibu Jumatano."

"Jumatano!" mama akasema. "Mimi nina Jumamosi."

Dada aliandika namba yake kwenye kipande cha karatasi, akanipa mimi, si mama. "Mkiipata stika, nipigie. Wakati wowote kabla sijafunga."

Njiani mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilipoingia tu ndani nilipiga magoti mbele ya kiti kifupi cha Bibi, nikamweleza yote tangu mwanzo.

"Stika nyeupe?" Bibi akauliza huku akiendelea kuchambua vifungo.

"Ndiyo, Bibi."

"Ina mistari mistari na vinamba kama chawa?"

"Ndiyo!"

"Ina gundi kali, haijachanika popote?"

"Ndiyo, Bibi, ndiyo!"

"Sasa mbona jana hukuniuliza?" Akanyoosha mkono rafuni, akateremsha chupa ya vifungo vyeupe. Mfuniko wake ulikuwa na ufa tangu mwezi uliopita. Juu ya ufa huo, imetandazwa vizuri na kukandamizwa kwa kidole gumba, palikuwa na stika yetu. "Gundi nzuri kama hii naitupaje?"

Nilipiga kelele hata mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akaketi sakafuni akamkumbatia Bibi pamoja na chupa yake.

Nikampigia dada. "Sikiliza vizuri," alisema. "Tuanze upya ili tusichanganyikiwe. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo..."

Ile "najua" ilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza. Nikachukua daftari.

"...chukua kitu chembamba, ubonyeze ndani na uhesabu mpaka kumi. Usiachie kabla. Taa zitazimika zote, usiogope. Zikirudi tatu, ndipo uandike nywila kama ilivyo kwenye stika, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Umeandika?"

"Nimeandika, dada. Naomba nikusomee kama nimekosea."

Nikamsomea. Nilikuwa nimeruka pale pa kuhesabu mpaka kumi. Alinirekebisha, nikaongeza.

Kitu chembamba katika nyumba ya fundi si cha kutafuta. Mama alichomoa sindano nene kwenye mto wake wa sindano, akaigeuza, akanipa. Nikabonyeza kwa kichwa cha sindano. Sote watatu tukahesabu kwa sauti, Bibi akiwa nyuma kwa namba mbili. Taa zikazimika. Tukangoja. Moja ikawaka, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Mama akaniinamishia mfuniko, nikaandika herufi moja moja, na kompyuta ikakubali. Hakuna aliyeniambia nishangilie, lakini nilizunguka chumba kizima nikiruka.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano, mama alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Ruta ilikuwa dirishani, na kando yake chupa ya vifungo. Uso wa mwalimu mkuu ukatokea kwenye kioo, safi hata mikunjo ya paji la uso ilionekana.

"Leo nakuona, fundi! Lete sketi karibu."

Mama aliisogeza. Alimwonyesha marinda, akaigeuza akamwonyesha upande wa ndani ambako mafundi wengi huficha uvivu wao. Kisha akaleta shati.

"Shika kifungo cha juu," mwalimu mkuu akasema. "Kivute. Kwa nguvu, usinionee huruma."

Mama akakivuta. Akakivuta tena mpaka shati likanyooka mikononi mwake. Kifungo hakikutikisika.

"Basi imetosha," mwalimu mkuu akasema huku akicheka. "Wanafunzi mia tatu na ishirini, sketi, suruali na mashati. Jumatatu nakutumia vipimo. Kazi ni yako, fundi."

Bibi alipiga kigelegele kikali hata mwalimu mkuu akajishika sikio kule aliko. Mama alifuta machozi kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, na mimi nikalia pia kwa furaha, tena bila kuona haya.

Baada ya simu mama aliniita, akanikalisha mbele ya cherehani.

"Kujua si kosa, mwanangu," alisema. "Nataka ujue mengi kunishinda. Lakini anayemkatiza mwenzake huondoka na nusu ya maneno, na nusu ya maneno ndiyo iliyotaka kutuponza. Kisha ukaongeza uongo, na uongo ukakuzuia kumuuliza Bibi aliyekuwa hatua tatu kutoka kwako. Siku moja nzima tumeumia bure. Lakini jana ulisema kweli mahali ambapo ungeweza kunyamaza. Umemwokoa yule dada, na kazi hii nimeipata kwa sababu hiyo. Leo najivunia wewe. Usikilize mpaka mwisho, na ukikosea useme mapema. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Stika hatukuirudisha kwenye ruta. Mama alisema mahali pake ni pale pale juu ya chupa, na mimi, mwenye kucha zangu, ndiye niliyepewa kazi ya kuilinda.

Mashati mia tatu na ishirini yanataka vifungo vingi, kwa hiyo jioni hiyo hiyo Bibi aliniita nijifunze kuvitia. Alianza kwa kunieleza jinsi ya kushika sindano. Hilo nililijua, tena kweli kweli. Nikanyamaza, nikasikiliza mpaka mwisho. Kumbe kulikuwa na nusu nyingine.