Onyo Jekundu

Kidoti alifungua mlango kwa ufunguo wake, akasema "Hodi" kwa nyumba tupu. Hakuna aliyemwitikia. Mama yake, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa zamu ya mchana. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepata kazi nchi ya mbali. Ndugu wa kucheza naye hakuwa naye.

Alikula, akaosha sahani, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni. Hii ndiyo iliyokuwa saa yake nzuri kuliko zote. Kila jioni baba alipotoka kazini alimpigia simu ya video kwenye kompyuta hiyo, wakapiga soga mpaka Kidoti akasahau kwamba yuko peke yake.

Siku hiyo, akimsubiri baba, alifungua tovuti moja ya michoro ya kupaka rangi. Kidirisha kidogo kikamtaka abofye neno "Ruhusu". Akabofya bila hata kusoma. Haukupita muda, onyo jekundu likachomoza kwenye skrini: "Hatari. Kompyuta yako ina virusi. Picha zako zote zitafutwa. Bofya hapa sasa hivi."

Akalifunga, likaja jingine. Akalifunga na hilo, likachomoza la tatu.

"Nimeiharibu," alijisemea. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za baba. Akaizima, akaifunika kitambaa, akaenda kujikunyata kitandani.

Mama aliporudi aliuliza, "Baba yako hajambo?"

"Hakupiga leo," Kidoti alijibu, macho chini.

Kesho yake akasema mtandao unasumbua. Keshokutwa akajifanya amelala. Jioni zikawa ndefu ajabu. Aliketi sebuleni akisikia watoto wa jirani wakiitwa na mama zao waingie ndani, naye hakuwa na wa kumwita. Alijua kwamba baba anapiga, anasubiri, anapiga tena. Alitamani kusema ukweli, lakini aliogopa kwamba picha zimeshapotea kwa kosa lake.

Kisha siku moja mama aliingia, akaketi kabla hata ya kuvua sare yake ya kazi.

"Baba yako amenipigia wodini," alisema taratibu. "Anauliza amekukosea nini."

Kidoti akaangua kilio. "Hajanikosea, mama. Ni mimi." Akatoa yote yaliyokuwa moyoni.

Mama hakumfokea. Aliondoa kitambaa, akaiwasha kompyuta. Alipofungua kivinjari, programu ya kuingilia tovuti, onyo jekundu likachomoza. Mama akampigia baba kwa simu yake ya mkononi, akaiweka mezani ili wote wasikie, akamweleza yaliyotokea.

"Msibofye chochote ndani ya hilo onyo," baba alisema. "Hao ni matapeli. Tovuti haiwezi kuikagua kompyuta yako ikajua kama ina virusi. Kidoti, fungua mipangilio ya kivinjari, utafute sehemu ya arifa, yaani ujumbe ambao tovuti hutuma kwenye skrini. Unaona tovuti ulizoziruhusu?"

"Naona moja, ile ya michoro."

"Iondolee ruhusa."

Akaiondoa. Kisha baba akamwelekeza kuwasha programu halisi ya kinga iliyokuwa ndani ya kompyuta, ili ikague kila kitu. Wakasubiri. Mwishowe yakatokea maandishi: hakuna virusi vilivyopatikana. Picha zote zilikuwepo.

"Yaani ilikuwa hivyo tu?" Kidoti aliuliza, akijifuta machozi.

"Hivyo tu. Wanataka uogope ili ubofye bila kufikiri. Ukiona onyo la kukuharakisha hivyo, toa mkono, umwite mtu mzima. Lakini mwanangu, kubofya ni kosa dogo, tumelimaliza sasa hivi. Kunificha ndiko kulikoniumiza. Huku nikitoka kazini sina wa kuongea naye. Nilikuwa naketi na simu mkononi, nikidhani umenichoka."

Kidoti hakuwahi kufikiri kwamba hata mtu mzima anaweza kuwa mpweke.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Siku nyingine ukikosea, sema mapema. Hakuna kosa la kompyuta litakalonifanya nisitake kukusikia."

Mama akakata simu, na baada ya kitambo baba akapiga kwa video. Uso wake ulionekana umekonda. Kisha Kidoti akavuta kiti cha mama karibu na chake, akaanza kumsimulia baba yote yaliyompita siku hizo.