Fundo Kwenye Mtungo wa Krapi

Siku hiyo ziwani walikuwapo wawili tu, rafiki yangu Verlene na shemeji yake Odell. Mama mkwe wa Verlene alikuwa mgonjwa na alikataa kila chakula, ila alitamani krapi wa kukaanga. Nao samaki hao walikuwa wamesogea kwenye maji ya kina cha kiuno kutaga mayai.

Waliingia na suruali za mpira. Verlene alijifunga kiunoni mtungo, kamba ya kutungia samaki, ukaelea nyuma yake. Wingu zito likatia giza kati ya miti iliyosimama majini.

"Shemeji, usiende mbali!" Odell aliita. "Mbele kuna mkondo wa mto wa zamani, kina kirefu. Hiyo suruali ikijaa maji hutoki!"

"Vua, acha domo! Mimi nina wanne, wewe una mbu tu."

Baadaye Verlene akawa anasikia maji tu, yakigonga magogo. Akainua mguu asogee. Mtungo ukamvuta nyuma polepole, kama mtoto anavyovuta gauni la mama. Akajaribu tena, ukamvuta kwa nguvu. Akachomeka ufito wake wa kuvulia mbele yake. Ukazama wote bila kugusa chini.

Akageuka, akaifuata kamba kwa mkono. Samaki wote walikuwapo. Lakini ncha ya kamba ilikuwa imefungwa kwenye kisiki, fundo la vitanzi viwili, kama la kiatu cha mtoto.

"Odell, umenifunga wewe?"

"Mimi?" Sauti ilitoka mbali, nchi kavu. "Nakusubiri garini!"

Jioni ile mama mkwe alikula vipande viwili. Kamba Verlene alikuwa ameikata kwa kisu kule kule majini, maana alipoligusa lile fundo, lilikuwa bado linakazwa, wala hapakuwa na mtu.