Asilimia Sabini na Moja

Jina la Anselme lilirudi kwenye kioo cha kompyuta Jumatatu, saa sita na dakika kumi mchana, na Patient akajifanya hakuliona. Kwa kujifanya alikuwa bingwa. Kibanda chake cha kompyuta pale Nakivale, kambi ya wakimbizi, kilikuwa na mashine mbili za Linux na sola moja juu ya bati, na yeye alikaa katikati ya wateja na miwani isiyo na nguvu yoyote, ati msomi.

Akalifuta. Kesho yake, dakika ileile, likarudi: Anselme ameingia. Hata neno la siri halikuulizwa. Halafu feni ya mashine ikaanza kutoa harufu ya majani ya mkalitusi yaliyochemshwa, yale ya kumfukizia mtu mwenye homa.

Sasa sikia, maana Patient mwenyewe hatakwambia. Kibanda kilikuwa cha wawili. Anselme ndiye aliyepanga kila unachokiona ukiwasha mashine: menyu, madirisha, picha ya mlima wa kwao Fizi, Kongo. Mwaka juzi alishikwa na homa, akajikokota mpaka kwenye benchi la kibanda, akaomba apelekwe hospitali Mbarara kwa pikipiki ya Patient. Patient alikuwa anaweka toleo jipya la mfumo.

"Ngoja, kaka," alisema bila kugeuka. "Nikiiacha katikati itaharibika. Imebaki kidogo."

Mstari wa kupakia kwenye kioo ulipofika asilimia sabini na moja, benchi lilinyamaza.

Kwenye matanga ya Wakongo, aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya familia aeleze historique, yaani kifo kilivyokuja, hatua kwa hatua. Patient alisimama. Akasema alimpeleka mara moja, wakafika karibu na Kabingo, Anselme akamfia mgongoni. Alilia vizuri sana. Watu wakampa soda.

Jumatano akampigia simu Wasswa, fundi wa kompyuta wa Kakoba, mjini Mbarara, mtoto wa kambi ya jeshi, anayetembea kama vile kompyuta zote za Uganda zilizaliwa na mama yake.

"Wewe unang'ang'ania sura ya kizee namna hiyo ya nini?" Wasswa akacheka. "Banange! Iko desktop mpya kabisa. Menyu mpya, madirisha mapya, ile ya zamani tunafagia yote. Mimi nakuja Jumapili na flash."

"Na jina la mtu? Litatoka?"

"Ssebo, hata harufu yake itatoka."

Patient hakuwa amemtajia harufu.

Siku mbili akawaza: aibadilishe, asiibadilishe? Akiiacha, Anselme ataingia kila mchana mbele ya wateja. Akiibadilisha, atarudi kuukodolea macho mstari uleule. Jumamosi akaja Annonciata, mjane wa Anselme, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Patient, nasikia unataka kutosha na kufuta kazi yote bwana yangu alitengeneza mu mashine."

"Ni sura tu, Mama Grâce. Ya zamani iko polepole."

"Anakuya mu ndoto. Anaikala pa benchi, haseme kitu, anakuonyesha na kidole." Akashusha sauti. "Ile historique ulitupatia, ilikuwa ya kweli yote? Kama kuko kitu kilibakia, ukiseme mbele ya batu. Atakuachilia. Na miye nitakuachilia."

Hapo ndipo angejiokoa, bwana miwani. Maneno mawili tu: nilimwambia angoje. Lakini akiyasema, nani ataleta tena barua yake kibandani ichapwe?

"Nilishasema yote, mama."

Nyuma yake feni ikakohoa. Feni. Ikakohoa kama mtu mwenye mapafu.

Jumapili mchana watu wote walikuwa kanisani, njia tupu, jua limesimama juu ya bati. Wasswa akachomeka flash, akabonyeza, mstari ukaanza kutambaa. Kwenye asilimia kumi Patient akahisi baridi miguuni. Kwenye thelathini meno yakaanza kugongana, naye akatoka kwenye kiti akaketi kwenye benchi, na kadiri mstari ulivyotambaa ndivyo joto lilivyompanda kutoka tumboni hadi kichwani, na ile harufu ya mkalitusi ikajaa kibandani mpaka miwani yake ikafunga ukungu, na katika ukungu ule akaona picha ya mlima wa Fizi ikiondoka kwenye kioo jiwe kwa jiwe, na kila jiwe lililoondoka alilisikia likimkalia kifuani.

"Wasswa, ndugu yangu," akanong'ona. "Washa pikipiki. Nipeleke Mbarara."

Wasswa hakugeuka. "Ngoja, boss. Nikiiacha katikati itaharibika. Imebaki kidogo."

Pembeni ya Patient, kwenye benchi, mtu akasogea kumpisha.

"Nilimwambia angoje!" Patient akalia. "Sikumpeleka! Alifia hapa, nimempa mgongo!"

"Najua," sauti ikamjibu sikioni, yenye joto la homa. "Miye nilikuwa hapa. Useme kwa batu, si kwangu."

Na watu walikuwa kanisani, wanaimba.

Mstari ukafika sabini na moja.

Kwenye matanga ya Patient wakamwita Wasswa. Alikuwa naye mwisho, basi asimame aeleze. Wasswa akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Mimi nilimubeba mara moja," akasema. "Tulifika karibu na Kabingo, akanifia mgongoni."

Annonciata akainua kichwa. Historique hiyo alishaisikia, neno kwa neno. Na shati la Wasswa lilinuka mkalitusi. Angeweza kumwambia kama alivyomwambia yule mwingine: sema, utaachiliwa. Hakumwambia. Alichukua soda moja kwenye kreti, akaifungua, akampelekea kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi akatabasamu.

Jumatatu, Kakoba, kwenye meza ya Wasswa, saa sita na dakika kumi, kioo kikajiwasha. Anselme ameingia. Patient ameingia. Chini yake dirisha dogo, jipya, lenye kona za mviringo:

Toleo jipya liko tayari. Uliweke sasa?