Usiniruhusu Niache

Hebu niambie, umewahi kumpa mtu pole ya msiba, kumbe hakuna aliyekufa? Kinyozi mmoja yalimkuta hayo Jumamosi ya mwanzo wa mwaka, duka limejaa hadi mlangoni, kwenye benchi la wateja hakuna pa kuweka hata kofia. Aliingia dada mrefu, sketi ya kijani, kitambaa cha maua kichwani. Akakaa kitini na kusema anataka nywele zote ziondoke. Kinyozi akapunguza redio, akamfunga shuka shingoni taratibu, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Pole sana, dada. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa, kaka. Wiki ijayo nakimbia kilomita hamsini, na nywele ni joto."

Benchi zima likacheka. Kinyozi akainamisha kichwa, akaanza kunyoa. Alipomaliza, akamfuta shingo kwa brashi na kumwomba namba ya simu.

Dada yule alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Wenzake pale kwenye mashine kubwa walimwita Kobe, maana mbio zake hazikuwa za kasi, zilikuwa za kutokoma. Walimtania kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Naye huwajibu kwamba huo ukingo bado hajauona.

Mapenzi yakaanzia kwenye simu. Kinyozi alipiga kuuliza kama jua halijamuunguza kichwa. Kesho yake akapiga kuuliza jambo lile lile. Siku ya tatu Kobe akampigia yeye kwanza, akamwambia kichwa kizima, aulize habari nyingine.

Basi mwaka ule kinyozi akawa mtu wa vituoni. Ziko mbio ndefu ambazo mkimbiaji hukutwa na watu wake njiani, nao humpa maji na kumbadilisha soksi. Yeye alibeba taulo, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na mafuta ya kupaka mapajani ambayo aliona haya kuyataja dukani. Kwenye kilomita hamsini Kobe alipoteza kucha mbili. Mwezi wa tano akapanda mlima wake wa kwanza, akafika kileleni, na kinyozi akamngoja chini siku nne, akiwanyoa wapagazi ili mikono isikae bure.

Mwezi wa nane zikafika mbio za kilomita mia. Siku moja kabla, Kobe alimkalisha kinyozi na kumshika mikono yote miwili.

"Nikifika kituo cha kilomita ya themanini nitakuomba uniruhusu niache. Nitalia, nitakubembeleza, nitakutukana. Usiniruhusu, kipenzi. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Hata ukimtukana mama yangu?"

"Mama nitamstahi. Wewe hutapona."

Kinyozi akaapa.

Kobe alifika kituo hicho saa kumi jioni akichechemea, chumvi imemkaukia mashavuni, soksi ya kushoto imelowa damu. Daktari wa mbio akamkagua, akasema ni malengelenge tu, akifungwa ataendelea. Kobe hakulia wala hakutukana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamtazama mtu wake na kuomba mara moja tu. "Nimechoka, mpenzi. Niruhusu."

Kinyozi akasema, "Basi, mama. Inatosha." Akambandua namba ya mbio kifuani, pini moja baada ya nyingine.

Kesho yake Kobe aliamka, akasimama, akaona miguu inamchukua vizuri tu. Akampigia simu. Alimwambia alimpa kazi moja, moja tu, ikamshinda. Akamuuliza kama kuna siku hata moja aliamini kwamba angefika. Kinyozi akasema alimwonea huruma, na neno hilo ndilo lililoharibu. Kobe akamjibu kwamba huruma ni ya wagonjwa, naye mashuka ya wagonjwa anayafua kila siku, anayajua. Akakata simu. Ikapita miezi mitatu bila hata salamu.

Mwezi wa kumi na moja Kobe alipanda mlima wa pili pamoja na mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na mbili, mkavu wa maneno. Naye mwalimu alimwekea sharti: "Mwanangu, nikitaka kurudi, nisukume." Kilele kikiwa kinaonekana kabisa, mwalimu akakaa juu ya jiwe na kusema anataka kushuka. Kiongozi wao wa mlimani akampima, akasema si ugonjwa, ni uchovu tu. Kobe akafungua mdomo ili amsukume. Maneno hayakuja. Alimtazama yule mama aliyejikunyata juu ya jiwe, akamshika kiuno, wakashuka. Mwalimu alinuna njia nzima.

Wiki ya mwisho ya mwaka, akikunja mashuka, Kobe aliupitia mwaka wake. Zile kilomita, zile kucha, kile kilele kimoja na kile alichokiacha. Kilichomrudia kila mara ni pale alipokuwa bubu mbele ya jiwe. Akaomba ruhusa kwa msimamizi, akatoka na aproni yake mwilini.

Duka la kinyozi lilikuwa limejaa. Alisimama juu ya nywele zilizoanguka, akasimulia habari ya mwalimu, wateja wote wakisikia. Akamwomba kinyozi radhi kwa kumpa kazi ambayo yeye mwenyewe ilimshinda.

"Mjibu mwenzio," alisema mteja aliyekuwa kitini, "ila usinisahau, mimi nimebaki nusu kichwa."

Kinyozi akazima mashine. Angeweza kuipokea radhi ile na mambo yakaishia hapo, tena yeye akiwa ndiye mwema. Akatikisa kichwa.

"Usiniombe radhi. Haikuwa huruma. Daktari alisema unaweza, na mimi nilijua unaweza. Mwaka mzima ulikuwa unanipita, mama. Unabadili soksi, unakunywa maji, unakwenda zako. Siku ile ulikaa. Nikatamani ubaki."

Kobe akamuuliza polepole anachotaka sasa ni nini, kwamba yeye aache mbio?

"Hapana. Kimbia, panda. Nataka nikuoe, ili kila ukiondoka, uwe umeondoka nyumbani kwetu."