Sikio la Kushoto la Ghizlane

Magharibi ilikuwa imeingia Fez, na Ghizlane alikuwa anakwenda kumwaga maji ya makaroni. Kazi ya dakika moja tu. Alibeba sufuria mpaka uani, kwenye tundu la maji machafu, hedifoni masikioni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kama kawaida yake.

Katika nyumba ile ya kupanga, hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumwaga maji ya moto kimyakimya. Unasema bismillahi, unangoja kidogo, majini walio chini wapate kusogea. Ghizlane alisema. Akangoja pia. Kisha akamwaga.

Wiam, mwenzake wa chumbani, alikuwa kwenye ngazi. Yeye alilisikia jibu likitoka tunduni, sauti ndogo ya mtoto.

"Ngoja..."

Wiam alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Ghizlane alikuwa anatikisa kichwa kwa muziki.

Mvuke ulipanda ukinuka nywele zilizoungua.

Kabla hajamaliza kula, sikio la kushoto lilianza. Nyiiii... Halikunyamaza kesho yake wala keshokutwa. Akaenda kwa daktari, yuleyule aliyekuja chuoni kuwaonya juu ya hedifoni, Ghizlane akakaa nyuma akimcheka. Daktari alimpima, akamwambia ni hedifoni hizo, na kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki. Lalla Zhor, mwenye nyumba, hakutaka kusikia habari za daktari. Yeye alishauri kuwapelekea walio chini maziwa, na kuwaomba radhi.

"Na wakilitaka sikio, waachie," alinong'ona. "Utabaki na moja, mwanangu. Wengine walibaki bila."

Ghizlane alipandwa na hasira. Alikuwa anasomea ukalimani; masikio ndiyo yangemlisha yeye na mama yake. Yaani daktari na hawa wa chini wote wameshalizika sikio lake, na yeye mwenyewe hajaulizwa?

Jioni ile alichukua bakuli la maziwa akaenda uani peke yake. Hedifoni aliziacha kitandani. Akachuchumaa. Taa ya uani ikafifia... ikazimika.

Harufu ile ikarudi.

Mlio ukakatika ghafla, na mahali pake sikioni ikaja pumzi ya mwanamke, ya joto, karibu kabisa.

"Umemuunguza mwanangu. Nipe hilo."

Ghizlane hakuinuka.

"Kumuunguza nimemuunguza, nisamehe," alisema. "Sikio sitoi."

"Ulikuwa hulitumii."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

"Sasa nalitumia. Lichukue kama unaweza."

Kisha, mbali huko chini, mtoto akaanza kulia. Ghizlane alielewa kwamba hapo ndipo alipotakiwa akimbie. Basi kwa ukaidi wake akainamisha sikio la kushoto juu ya tundu, akakisikiliza kile kilio chote, machozi yakimtiririka, mpaka adhana ya isha. Taa ilipowaka, bakuli lilikuwa tupu.

Alipopimwa tena, daktari alisikitika. Sikio la kushoto halisikii filimbi, alisema, halisikii hata ndege. Ghizlane hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba bado ni lake. Mtihani wa ukalimani aliufanya akiwa amemgeuzia msemaji sikio la kulia, na akafaulu.

Hedifoni hazigusi tena. Ijumaa moja Wiam alitoka na sufuria ya maji yanayotokota, akasema bismillahi, akatega sikio. Hakusikia kitu. Akainamisha sufuria amwage.

Ghizlane alimshika mkono.

"Bado."

"Mbona kimya, dada?"

"Hajapita," Ghizlane alinong'ona, sikio la kushoto likielekea tunduni. "Tangu aungue, anatembea polepole."