Mlango wa Kushoto

"Mwizi wewe! Na ulitaka nikuozeshe binti!"

"Ufunguo ulinipa mwenyewe nirekebishe breki, mzee. Hati yako niipeleke wapi?"

"Nani mwingine angefungua gari? Malaika?"

"Nyie, kimya!" Inspekta Bupe akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

Hata yeye alikuwa haelewi. Mbele yake, uani kwa Mzee Valerian hapa Chamazi, gari aina ya Moris ya mwaka hamsini na tisa. Milango miwili, vioo vizima, hakuna mkwaruzo. Jana jioni mzee kaacha hati ya nyumba kwenye dashibodi, akaloki mlango wake wa dereva. Asubuhi gari limelokiwa, hati haipo. Ufunguo ni mmoja tu, na ulilala kwa Mashaka, fundi, mchumba wa binti wa mzee. Mashaka sasa ana pingu, na difenda ya polisi inamngoja getini.

Lakini mwizi mwenye ufunguo aloki tena ya nini? Ili ashukiwe yeye? Bupe kichwa kilimzunguka.

Akafungua mlango wa dereva, akabonyeza pini ya kuloki, akaufunga. Pini ikaruka juu.

"Umeona?" mzee akasema. "Bila ufunguo hailoki."

"Na wa kushoto?"

"Huo hauna hata tundu la ufunguo. Siugusagi. Upande huo anakaaga Felicitas, binti yangu huyo."

Felicitas alikuwa kasimama barazani, hajasema neno toka asubuhi.

"Dada, jana uliposhuka ulifunga mlango?"

"Nilifunga, afande."

"Ulifunga uliloki, au uliurudishia tu?"

"Niliurudishia."

Bupe akazidi kuchanganyikiwa. Mlango jioni wazi, asubuhi umelokiwa, na hauna tundu. Akabonyeza pini ya kushoto, akaubamiza. Ikaruka. Akaubamiza tena. Ikaruka.

"Usiubamize hivyo, utauvunja!" Felicitas akafoka. "Si ushikilie kitasa cha nje ndo ufunge!"



Bupe akashikilia kitasa, akafunga. Pini ikabaki chini. Akavuta. Mlango haufunguki.

"Nani kakufundisha?"

"Mama. Tulikuwaga tunakaa upande huu mie na yeye tu."

"Hati iko wapi?"

"Chini ya godoro langu." Machozi yakamtoka. "Niliurudishia makusudi. Mlipokaa kula nikarudi, nikaichukua. Kuloki ni mazoea tu, mama alikuwa hataki tuache wazi. Leo baba anauza nyumba, na mama kazikwa hapo nyuma. Mnunuzi anataka kujenga fremu za maduka. Mama aende wapi?"

Mzee Valerian akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Bupe akamfungua Mashaka pingu. Felicitas akamsogelea.

"Ningesema, baba angeuza leo leo. Nilijua hawana ushahidi, watakuachia."

"Toka saa mbili nina pingu. Ulikuwa umesimama pale."

"Mashaka, nisikilize..."

"Wangenitupa mahabusu ukiwa unaangalia?"

Felicitas akanyoosha mkono amshike.

Mashaka akatikisa kichwa, akageuka, akaondoka. Spana zake kaziacha chini ya gari.