Bahasha ya Mzee Januari

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Alhamisi, bahasha ya marehemu Januari ilifunguliwa kando ya kaburi lake kijijini Didia. Ndani hamkuwa na wasifu. Mlikuwa na vipande viwili vya gazeti, vimekunjwa vizuri.

Aliyeifungua ni mwalimu Bernadina, katibu wa Chama cha Historia na Kumbukumbu. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya mwenyekiti, Mzee Athanas, lakini mzee alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa leso na hakuweza kusoma. Waombolezaji walinong'ona kwamba amelia mpaka jicho limevimba. Yeye na marehemu walikuwa marafiki tangu walipokuwa wakitega ndege pamoja.

Watu kama mia mbili walikuwa wakimsubiri Bernadina.

"Wasifu haumo," alisema, kwa sauti ile ile anayoitia majina darasani.

Padri akasubiri kidogo, kisha akaendelea na sala.

Chama kina utaratibu wake. Kila mwanachama huandika wasifu wake mwenyewe kwa mkono angali hai, huutia kwenye bahasha ya kaki, huigandisha, kisha hupiga dole gumba la wino juu ya mkunjo. Bahasha zote hukaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mwenyekiti, mwingine mweka hazina. Mtu akifa, bahasha yake hufunguliwa kaburini na kusomwa, halafu maneno yake huchapishwa kwenye Taarifa, jarida la chama linalotoka kila baada ya miezi mitatu. Kurasa za mbele huwa na habari za waliojifungua, wagonjwa na watoto waliofaulu. Ukurasa wa mwisho ni wa kumbukumbu za waliotangulia.

Bernadina alikuwa ameuandaa ukurasa huo kwa miaka sita. Jina moja halikuwahi kuingia humo. Ni jina la Marselino, mmoja wa waanzilishi watatu wa chama, na ndiye baba yake Bernadina. Kwenye orodha ya wanachama, mbele ya jina hilo pameandikwa: hajulikani alipo. Mwanzoni mwa mwaka 1998 alikwenda Masumbwe kuchimba dhahabu pamoja na Januari na Athanas. Wenzake walirudi mwezi wa tatu wakiwa wawili. Walisema Marselino ametoroka na mwanamke, ameelekea Geita. Chama hakimfanyii kumbukumbu mtu ambaye hajafa.

Wiki tatu kabla ya kufariki, Januari alimshika Bernadina mkono wodini. "Ya baba yako nimeyaandika," alisema. "Kuyatamka siwezi. Yatasomwa. Wewe uwepo tu."

Alikuwepo. Sasa alikuwa ameshika gazeti.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alimsikiliza, akafungua kitabu chake, kisha akakiacha wazi bila kuandika.

"Mwalimu, wizi wa karatasi mbili. Kwenye thamani niandike nini?"

"Andika haijulikani."

"Hiyo nikiipeleka juu watanicheka."

Bernadina alirudi nyumbani, akachukua daftari jipya la mwanafunzi na kuanza kuandika saa. Saa tatu asubuhi siku ya Alhamisi alimwona kwa macho yake Athanas na mweka hazina wakifungua kabati na kumkabidhi bahasha Davis, mtoto wa marehemu. Davis aliiweka mezani sebuleni kwa baba yake, kando ya picha. Saa nane ilipelekwa kaburini. Katikati hapo kuna saa tano.

Kisha aliichunguza bahasha yenyewe. Dole gumba lilikuwa zima, wino haujakatika. Lakini alipopitisha ukucha kwenye mshono wa chini, ulibanduka taratibu, ukavutika kama mpira. Gundi ya dukani ikikauka huwa ngumu na kupasuka. Kitu hiki kilikuwa laini, cha kijivu. Alikijua tangu utoto. Ulikuwa utomvu wa minyaa, ile miti ya ua yenye maziwa makali.

Boma la Januari limezungushiwa minyaa pande zote. Bernadina alikwenda nyuma ya nyumba, mpaka chini ya dirisha la sebule. Pale palikuwa na tawi limevunjwa, na juu ya jiwe matone meupe yaliyokauka.

Alianza na Davis, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinamsema. Alimkuta akirudisha viti vya kuazima.

"Kaka Davis, wanasema hukulia."

"Nililia hospitali, mwalimu. Miezi minne. Ulitaka nibakize ya kuwaonyesha?"

"Jana, saa tatu mpaka saa nane, ulikuwa wapi?"

"Niliiweka bahasha mezani, nikaondoka saa tatu na nusu na gari la kufuata mwili Shinyanga. Tukarudi saa saba na nusu. Muulize dereva. Ungemuuliza na baba, tulikuja naye."

"Sebuleni ulimwacha nani?"

"Chacha alisema analeta sukari. Na Mzee Athanas alikuwa amekaa na picha. Alisema aachwe na mwenzake kidogo."

Chacha ndiye mweka hazina. Ana duka karibu na stendi, naye ni mtu wa Tarime aliyehamia Didia miaka ishirini iliyopita. Vipande vya gazeti vilifanana na vile anavyofungia bidhaa. Bernadina aliviweka juu ya meza ya duka.

"Gazeti hili ni lako?"

Chacha aliligeuza. "Ni langu. Na sukari yote mliyokunywa msibani ilifungwa na hilo hilo. Nikamate sasa."

"Uliipeleka saa ngapi?"

"Saa nne. Niliiweka mlangoni, akina mama wakaifungua, karatasi wakazitupa pale pale. Nikarudi dukani. Alhamisi ni gulio, mwalimu, nisingekaa."

"Ukitaka kugandisha bahasha unatumia nini?"

Chacha alitazama rafu yake, kisha akamtazama mwalimu. "Niko dukani. Natumia gundi."

"Na minyaa?"

"Minyaa si ule ukuta wenu? Ule hata mbuzi wangu siruhusu ausogelee. Kuna mtu anagandishia kitu na sumu ile?"

"Watoto wa hapa hufanya utomvu wake ulimbo wa kunasia ndege."

"Basi huko mniondoe. Sisi Tarime ndege tulipiga kwa manati."

Aliyefanya kazi ile alikuwa mzaliwa wa hapa, na hakuwa na gundi karibu. Bernadina aliandika hivyo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Hakutaka kwenda alikokuwa anakwenda. Athanas ndiye aliyemlipia nauli ya kwenda chuo cha ualimu, akamsindikiza mpaka kwenye basi.

Saa kumi alasiri alifika kwa Mzee Athanas kumjulia hali. Mzee alikuwa amelala. Binti yake, Vumilia, alikuwa barazani ananyonyesha.

"Mwadila, mwalimu. Karibu kigoda."

"Mwadila. Mzee anaendeleaje na jicho?"

"Leo linafumbuka. Jana lilikuwa limefumba kabisa. Nilijikamulia maziwa kwenye kijiko nikamdondoshea, mara tatu. Kalikuwa kananililia haka kadogo, kanaona chakula chake kinapelekwa kwa babu."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Alifika saa sita kasoro. Nilikuwa ndiyo nabandika maji ya ugali."

"Alisema limepatwa na nini?"

"Vumbi." Vumilia alimbadilisha mtoto titi. "Mimi sikubisha. Baba ni baba."

Bernadina alishukuru na kuondoka. Didia hakuna anayetia maziwa ya mama kwenye jicho lililolia, wala lililoingia vumbi. Vumbi huoshwa kwa maji. Maziwa ya mama hutiwa kwa jambo moja tu: mtoto akichezea minyaa, kisha akajifikicha.

Nyumbani alisahihisha madaftari thelathini na manane ya darasa la nne. Alisubiri hasira. Haikuja. Alijaribu kuukumbuka uso wa baba yake, akapata shati tu.

Jumamosi saa nne asubuhi aliwaita watu watatu ofisini, kwenye chumba cha nyuma cha ghala la zamani la pamba. Walikuja Athanas, Chacha na Davis. Bernadina alisema anawasomea rasimu ya Taarifa kabla haijaenda kuchapwa. Alisoma habari za waliojifungua. Alisoma za watoto wawili waliofaulu. Kisha akasoma:

"Wagonjwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Athanas, aliumwa jicho la kushoto siku ya Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Alitibiwa na binti yake kwa maziwa ya mama. Anaendelea vizuri."

Chacha alitabasamu. Davis hakutabasamu. Alikuwa amemgeukia mwenyekiti.

"Maziwa ya mama ni dawa ya minyaa," Davis alisema.

"Lilikuwa vumbi," Athanas alijibu.

"Mzee," Bernadina alisema, "machozi huvimbisha macho yote mawili. Bahasha ilifunguliwa chini na kugandishwa kwa minyaa. Tawi limevunjwa nje ya dirisha la sebule. Davis alikuwa njiani na gari, Chacha alikuwa dukani kwake na gulio zima linamwona. Uliyeachwa sebuleni ni wewe."

Athanas aliivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Nilikuwa nalia kweli," alisema. "Hilo usiliandike vingine. Nilisimama dirishani, mikono imejaa utomvu, picha yake inanitazama. Nikafuta machozi. Tangu nina miaka mitano najua mtu hajifuti macho na mikono ile. Nilisahau."

"Karatasi umeichoma?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Miaka ishirini na tisa nawaambia watu wasichome karatasi za wazee wao. Niliwasha kiberiti mara mbili, mwanangu. Mkono ulikataa."

Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi mbili na kuziweka mezani. Mwandiko ulikuwa wa Januari, mkubwa na wa kulala. Bernadina alisoma kwa sauti.

"'Tarehe kumi na tisa Machi 1998, huko Masumbwe, saa kumi jioni, mvua ilibomoa mdomo wa duara, shimo la dhahabu tulilokuwa tunachimba. Mwenye duara alikuwa Athanas. Mimi nilikuwa juu, kwenye kamba. Marselino alikuwa chini. Tulimsikia anagonga mwamba kwa nyundo. Tulichimba mpaka giza, udongo ukazidi kuporomoka. Asubuhi alikuwa bado anagonga. Nilitaka kuita watu. Athanas akasema tukiita, serikali itafunga eneo lote. Nikanyamaza. Mchana kugonga kuliisha. Tukafukia. Duara lipo hatua arobaini mashariki ya jiwe lililopasuka, nyuma ya kilima. Mkewe sikumwambia. Nilimwona kila Jumapili.'"

Davis aliinama. "Baba naye alifukia?"

"Alifukia," Bernadina alisema. "Na ameandika."

Nje mtu alikuwa anapiga mbiu ya mnada wa ng'ombe kwa kipaza sauti. Walisubiri apite.

"Kwa nini mlisema ametoroka na mwanamke?"

"Mtu aliyekufa hutafutwa," Athanas alisema. "Ndugu watataka mwili. Aliyetoroka hatafutwi. Hutukanwa, kisha husahauliwa. Niliona hivyo ni bora."

"Bora kwa nani?"

Athanas aliigeuza kofia gotini.

"Na juzi? Una miaka sabini na nne, mzee. Uliogopa jela?"

"Jela siiogopi. Januari aliniambia Jumapili kwamba ameandika. Sikulala." Alinyoosha kidole kwenye kabati. "Na mimi nina bahasha humo. Nimejiandika kuwa mtu mwema, mwenyekiti mwaminifu. Nilitaka isomwe, watu wakiwa wamesimama wanasikia. Ni hilo tu."

Chacha aliutoa ufunguo wake mfukoni, akauweka juu ya meza mbele ya Bernadina.

"Nitauandika upya," Athanas alisema.

"Utauandika polisi kwanza."

Davis ndiye aliyempeleka. Kwenye ngazi za ghala alimshika mzee mkono, maana jicho moja lilikuwa bado halioni vizuri.

Mama yake Bernadina, Hosiana, alikuwa uani anakata viazi vya michembe, vya kuanikwa juani. Bernadina alikaa chini mbele yake na kumsomea karatasi yote. Hakuruka mahali pa nyundo. Mama hakuacha kukata.

"Rudia," alisema mwishoni.

Bernadina akarudia.

"Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke."

"Hapakuwa, mama."

"Nimemtukana miaka ishirini na saba. Hata nikiwa kanisani, nimepiga magoti."

"Polisi watakwenda Masumbwe na Davis wiki ijayo. Wakimpata watamleta."

"Wasipompata?"

"Ataingia kwenye ukurasa wa mwisho, mama. Nitauandika mimi."

Hosiana aliufuta mkono kwa kanga, akaweka kisu kando. Kisha akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, ndefu kuliko Bernadina alivyodhani.

"Kalete wembe mpya. Na maji. Kazi hii ni ya mashangazi zako, nao wameisha. Utaifanya wewe."

Alimnyoa kuanzia utosini, taratibu, kwa sababu ngozi ilikuwa laini na yeye hakuwahi kumnyoa mtu. Mvi zilianguka mabegani kwa mama, nyingine zikaingia kwenye ungo wa viazi.

"Usiache nyuma," mama alisema.

Jirani yao Philomena alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisimama kwenye mwanya wa ua, akatazama kichwa kilichonyolewa nusu, akaitua ndoo chini.

"Mama Bernadina. Kuna msiba? Nani amefariki?"

"Mume wangu," Hosiana alisema. "Karibu ukae."

Philomena alivua kandambili zake, akaingia, akaketi chini karibu naye.